Urushaji wa spini

Urushaji wa spini ni mbinu ya kurusha mpira katika mchezo wa kriketi ambapo mrushaji huuzungusha mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono, ili ubadilishe mwelekeo unapogusa ardhi mbele ya mpigaji. Anayetumia mbinu hii huitwa mrushaji wa spini au *spina*. Yeye hategemei kasi kama mrushaji wa mbio. Silaha zake ni mzunguko wa mpira, mwendo wake angani, mdundo wake juu ya ardhi na udanganyifu.

Mrushaji wa mbio wa kiwango cha juu hurusha mpira kwa kasi ya kilomita 135 hadi 150 kwa saa. Spina kwa kawaida hurusha kwa kilomita 70 hadi 95 kwa saa. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa mpira hutumia takribani sekunde 0.8 kumfikia mpigaji, ilhali ule wa kilomita 140 hutumia chini ya sekunde 0.5. Hivyo mpigaji anayekabiliana na spina ana muda mrefu zaidi wa kuutazama mpira, lakini hana hakika utaelekea wapi baada ya kudunda.

## Maneno ya msingi

Mpira wa kriketi ni mgumu. Ndani una kiini cha koki na uzi, na nje umefunikwa ngozi iliyoshonwa. Uzito wake kwa wanaume ni kati ya gramu 156 na 163, na mzingo wake ni takribani sentimita 22.4 hadi 22.9. Mshono uliotuna huuzunguka mpira katikati. Spina hushika mpira kwenye mshono huu, na mara nyingi ndio unaokamata ardhi mpira unapodunda.

Pichi ni ukanda wa ardhi ngumu katikati ya uwanja, wenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Kila mwisho wa pichi una wiketi, yaani vijiti vitatu vilivyosimamishwa, vyenye kimo cha sentimita 71.1, na juu yake vijiti viwili vidogo. Mrushaji hutumia mwisho mmoja na mpigaji husimama mwisho wa pili akiilinda wiketi yake kwa gongo. Mrushaji hurusha mipira sita halali, ambayo kwa pamoja huitwa *ova*, kisha mwenzake hurusha kutoka mwisho wa pili.

Mpigaji husimama kiubavu. Upande unaoelekea uso wake na gongo lake huitwa *upande wa ofu*. Upande ulio nyuma ya miguu yake huitwa *upande wa legi*. Maelezo ya makala hii yanamhusu mpigaji anayetumia mkono wa kulia, isipokuwa pale inapotajwa vingine. Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto pande hizo hubadilishana.

## Aina kuu nne

Spini hugawanywa kwa kuangalia mambo mawili: mkono unaorusha, na sehemu ya mkono inayouzungusha mpira.

| Aina | Mkono | Kinachozungusha | Mpira unapodunda |
|---|---|---|---|
| Ofu-spini | Kulia | Vidole | Hutoka ofu kwenda legi |
| Legi-spini | Kulia | Kifundo cha mkono | Hutoka legi kwenda ofu |
| Spini ya vidole ya kushoto | Kushoto | Vidole | Hutoka legi kwenda ofu |
| Spini ya kifundo ya kushoto | Kushoto | Kifundo cha mkono | Hutoka ofu kwenda legi |

### Spini ya vidole

Mrushaji wa ofu-spini hushika mpira kwa kutanua kidole cha shahada na kidole cha kati juu ya mshono. Anapouachia, kidole cha shahada huuvuta mpira kuelekea kulia, kwa mwendo unaofanana na kuzungusha kitasa cha mlango kisaa. Mpira ukidunda humwingilia mpigaji, yaani huelekea mwilini mwake na kwenye pengo kati ya gongo na pedi ya mguu. Spini ya vidole ya mkono wa kushoto hufuata njia hiyohiyo, lakini kwa kuwa mkono ni mwingine, mpira humkimbia mpigaji wa kulia.

Vidole ni rahisi kuvitawala. Kwa sababu hiyo spina wa vidole huwa na shabaha nzuri na anaweza kurusha ova nyingi bila kutoa mikimbio mingi. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida mpira hauzunguki kwa nguvu kama ule wa kifundo, hivyo juu ya pichi laini na mpya unaweza kwenda moja kwa moja.

### Spini ya kifundo

Katika legi-spini mpira hushikwa kwa vidole viwili vya kwanza, huku kidole cha tatu kikiwa kimekunjwa pembeni mwa mshono. Wakati wa kuuachia, kifundo cha mkono hufyatuka na kidole cha tatu huusukuma mpira uzunguke kutoka kulia kwenda kushoto. Kifundo kina nguvu zaidi ya vidole, kwa hiyo mpira huzunguka kwa kasi zaidi na hupinda zaidi. Warushaji bora huuzungusha zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kwa kiwango hicho mpira huwa umezunguka zaidi ya mara 25 kabla ya kumfikia mpigaji.

Gharama yake ni shabaha. Kosa dogo la kifundo huufanya mpira udunde karibu mno na mrushaji au usidunde kabisa, na mpigaji huupiga nje ya uwanja. Ndiyo maana legi-spini huhesabiwa kuwa miongoni mwa stadi ngumu kuliko zote katika kriketi, na nahodha anayemtumia spina wa kifundo hukubali kupoteza mikimbio ili apate wiketi.

## Mpira ukiwa angani

Kazi ya spini huanza kabla mpira haujagusa ardhi. Mpira unaozunguka huburuta tabaka jembamba la hewa lililo karibu na ngozi yake. Upande mmoja hewa hiyo huenda sambamba na upepo unaoupita mpira, na upande wa pili hupingana nao. Matokeo yake ni kwamba hewa iliyo nyuma ya mpira husukumwa kuelekea upande mmoja, na mpira wenyewe husukumwa kuelekea upande wa pili. Jambo hili huitwa *athari ya Magnus*, kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliyelichunguza katika karne ya 19. Isaac Newton alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1672 kuhusu kupinda kwa mpira wa tenisi uliopigwa kwa mshazari.

Kwa spina, athari hii huonekana kwa namna tatu:

* Kuzama. Mpira unaozunguka kuelekea mbele, sehemu yake ya juu ikienda upande wa mpigaji, husukumwa chini. Huonekana kana kwamba utamfikia mpigaji moja kwa moja, kisha hushuka ghafla na kudunda mbali naye kuliko alivyotarajia. Mpigaji aliyekwisha kupiga hatua mbele hujikuta hawezi kuufikia.
* Kuelea. Mpira unaozunguka kinyumenyume husukumwa juu kidogo. Hukaa hewani kwa muda mrefu zaidi na kudunda karibu zaidi na mpigaji.
* Kuyumba. Mhimili wa mzunguko ukiwa umeinama, mpira huyumba pembeni. Mara nyingi huyumba kinyume cha upande utakaopindia. Legi-spini nzuri huyumba kuelekea legi ikiwa angani, kisha hupinda kuelekea ofu baada ya kudunda. Mpigaji huvutwa upande mmoja, na mpira huondoka kwa upande wa pili.

Mhimili wa mzunguko ndio unaoamua kiasi cha kila kimoja. Mhimili ukielekea moja kwa moja kwa mpigaji, kama risasi inavyozunguka, mpira haupindi sana hewani lakini hupinda sana ardhini. Mhimili ukilala kukingama njia ya mpira, mpira huzama au huelea lakini haupindi pembeni unapodunda. Spina hufanya kazi kati ya hali hizi mbili, na hubadilisha mhimili kidogo kidogo bila kubadilisha mwendo wa mkono unaoonekana.

## Mpira unapogusa ardhi

Mpira unaozunguka unapogusa pichi, msuguano kati ya ngozi yake na ardhi hugeuza sehemu ya mzunguko kuwa mwendo wa kwenda pembeni. Kiasi cha kupinda hutegemea mambo manne: kasi ya mzunguko, kasi ya mpira wenyewe, ukwaruzo wa ardhi, na sehemu ya mpira iliyogusa ardhi.

Si lazima mpira upinde sana ili uwe hatari. Mpira uliodunda mita 2 mbele ya mpigaji na kupinda nyuzi 5 tu utakuwa umehama takribani sentimita 17 unapomfikia. Upana mkubwa kabisa unaoruhusiwa wa gongo ni sentimita 10.8. Mpigaji aliyelenga kuupiga katikati ya gongo ataukosa kabisa. Ukipinda kwa pungufu ya hapo, anaweza kuugusa kwa ukingo wa gongo na kudakwa.

Mpira uliozama hutua kwa pembe kali zaidi, na kwa hiyo huruka juu zaidi unapodunda. Mpira unaozunguka kinyumenyume hutua kwa pembe ndogo na kuteleza chini. Tofauti hizi za kimo huwasumbua wapigaji sawa na kupinda kwenyewe.

Kuna pia tofauti ambayo hata mrushaji haitawali. Mpira ukitua kwenye mshono hukamata ardhi na kupinda. Ukitua kwenye ngozi laini unaweza kuteleza na kwenda moja kwa moja. Hivyo mipira miwili iliyorushwa sawasawa huweza kufanya mambo mawili tofauti. Kama mrushaji mwenyewe hajui utafanya nini, mpigaji hana ishara yoyote ya kusoma mkononi mwake.

## Mipira ya udanganyifu

Spina anayerusha aina moja tu ya mpira huzoeleka haraka. Kwa hiyo kila spina hujifunza mipira mingine inayofanana na ule wa kawaida lakini yenye tabia tofauti.

* Gugli ni mpira wa mrushaji wa legi-spini unaopindia upande usiotarajiwa, yaani kutoka ofu kwenda legi. Kifundo hugeuzwa zaidi, na mpira hutoka nyuma ya mkono ukipitia upande wa kidole kidogo.
* Topspini ni mpira unaozungushwa kuelekea mbele. Haupindi pembeni, bali huzama na kuruka juu unapodunda.
* Flipa hufyatuliwa kati ya kidole gumba na vidole vya kwanza, kama mtu anavyoalisha vidole. Huzunguka kinyumenyume, huteleza chini, na mara nyingi humkuta mpigaji akiwa amerudi nyuma kwa kudhani mpira utaruka. Uvumbuzi wake huhusishwa na Clarrie Grimmett wa Australia.
* Mpira wa mkono hutumiwa na spina wa vidole. Hauzungushwi kama kawaida, bali huendelea na mwelekeo wa mkono bila kupinda.
* Dusra ni mpira wa mrushaji wa ofu-spini unaopindia upande wa pili, mfano wa gugli kwa spina wa vidole. Jina lake linatokana na neno la Kiurdu na Kihindi lenye maana ya "ya pili" au "nyingine". Ulipata umaarufu kupitia Saqlain Mushtaq wa Pakistan katika miaka ya 1990.
* Mpira wa keram hufyatuliwa kwa kidole cha kati kilichokunjwa, kama kete ya keram inavyopigwa juu ya ubao. Jack Iverson wa Australia alitumia mshiko wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Ajantha Mendis wa Sri Lanka aliurudisha kwa nguvu mwaka 2008.

Wapigaji hodari hujaribu kuusoma mpira kwa kutazama mkono wa mrushaji anapouachia, au kutazama mshono ukizunguka hewani. Anayeshindwa kusoma kwa njia hizo husubiri hadi mpira udunde, na hapo huwa amebakiwa na sehemu ndogo sana ya sekunde.

## Pichi, hali ya hewa na umri wa mpira

Mechi za testi huchezwa kwa muda wa hadi siku 5 juu ya pichi ileile. Siku ya kwanza pichi huwa imara na mara nyingi huwafaa zaidi warushaji wa mbio. Kadiri siku zinavyopita, jua huikausha, nyufa hufunguka, na viatu vya warushaji huchimba mabaka yenye vumbi. Spina hulenga mabaka hayo kwa sababu hapo msuguano ni mkubwa na mdundo hautabiriki. Kupiga siku ya nne na ya tano dhidi ya spina mzuri ni moja ya mitihani mikubwa ya kriketi, na manahodha wengi wanaoshinda sarafu huamua timu yao ipige kwanza ili kuukwepa.

Nchi za Asia Kusini, yaani India, Pakistan, Sri Lanka na Bangladesh, zina pichi nyingi kavu ambazo huanza kusaidia spini mapema. Uingereza na New Zealand zina unyevu na nyasi zaidi, na spini huko kwa kawaida husubiri hali ya hewa kavu.

Mpira uliochakaa kiasi hushikika vizuri na kukamata ardhi zaidi kuliko mpya wenye ngozi inayong'aa. Katika mechi za testi timu inaweza kuomba mpira mpya baada ya ova 80, na spina wengi hupendelea kipindi cha katikati kabla ya hapo. Umande ni adui mkubwa. Katika mechi za usiku mpira hulowa, vidole huteleza, na spina hushindwa kuuzungusha.

## Mapambano kati ya spina na mpigaji

Spina hupata wiketi kwa njia nne kuu. Ya kwanza ni kuvunja wiketi moja kwa moja. Ya pili ni mpigaji kudakwa, ama na mlinda wiketi, ama na mdakaji wa *slipu* anayesimama pembeni mwake, ama na wadakaji wanaosimama mita chache mbele ya gongo. Ya tatu ni *mguu mbele ya wiketi*, ambapo mpira unaogonga mguu wa mpigaji huamuliwa kuwa ungegonga wiketi. Ya nne ni mpigaji kutoka nje ya mstari wake, kuukosa mpira, na mlinda wiketi kuivunja wiketi kabla hajarudi.

Njia hii ya nne inaonyesha hoja nzima ya spini. Mpira wa polepole unaopanda juu ya usawa wa macho humwita mpigaji atoke na aupige kwa nguvu. Akiamua vema atapata mikimbio sita. Akikosea kwa sentimita chache ametoka. Spina mzuri hukubali kupigwa mara mbili au tatu ili mpigaji ajenge imani, kisha hurusha mpira unaofanana na ile ya mwanzo lakini wa polepole kidogo au unaozama zaidi.

Mpigaji naye ana majibu. Anaweza kutumia miguu kuufuata mpira hadi mahali unapodunda, ili usipate nafasi ya kupinda. Anaweza kurudi nyuma karibu na wiketi ili aone mpira umepindaje ndipo aupige. Anaweza pia kufagia, yaani kupiga goti na kuuzungushia gongo kwa mlalo.

Zamani wapigaji wengi walitanguliza mguu mbele na kuuzuia mpira kwa pedi, kwa sababu waamuzi walisita kutoa uamuzi mguu ukiwa mbali na wiketi. Mfumo wa kupitia upya maamuzi kwa kamera, ulioanza kujaribiwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mingi ya mipira hiyo ingegonga wiketi. Tangu hapo wapigaji wamelazimika kutumia gongo zaidi, na spina wamefaidika.

## Kanuni ya mkono

Kanuni za kriketi hutofautisha *kurusha* na *kutupa*. Mkono wa mrushaji ukishafika usawa wa bega, haupaswi kunyooshwa kwenye kiwiko kabla ya kuachia mpira. Mwamuzi akiona mkono uliokunjwa unanyooka, mpira huo ni batili.

Kanuni hii ilizua mgogoro mkubwa kumhusu Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka. Tarehe 26 Desemba 1995 mjini Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alitangaza mara kadhaa kwamba alikuwa akitupa. Muralitharan alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kabisa, na vipimo vya maabara vilivyofuata viliunga mkono maelezo kwamba kilichoonekana kuwa kunyoosha mkono kilitokana kwa sehemu kubwa na umbo la mkono wenyewe. Uchunguzi zaidi kwa kamera za kasi ulibaini jambo lisilotarajiwa: warushaji wengi, wakiwemo ambao hawakuwahi kushukiwa, hunyoosha kiwiko kwa nyuzi kadhaa bila jicho kuona. Kutokana na hayo, Baraza la Kimataifa la Kriketi liliweka mwaka 2005 kiwango kimoja cha nyuzi 15 kwa warushaji wote.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2014 baraza hilo lilikaza ukaguzi, na spina kadhaa walisimamishwa, akiwemo Saeed Ajmal wa Pakistan aliyekuwa miongoni mwa spina bora wa wakati huo. Dusra ndiyo iliyoathirika zaidi, kwa kuwa ni vigumu kuirusha bila kukunja na kunyoosha mkono. Wanaotetea kanuni husema bila mpaka ulio wazi mrushaji mwenye kiwiko huru ana faida isiyo ya haki. Wanaoipinga husema vipimo vya maabara havifanani na mechi halisi, na kwamba mchezo umepoteza moja ya mbinu zake za kuvutia.

## Historia

Mwanzoni kriketi ilichezwa kwa kurusha mpira mkono ukiwa chini ya kiuno. Kurusha mkono ukiwa juu ya bega kuliruhusiwa rasmi mwaka 1864.

Badiliko kubwa la kwanza la spini lililetwa na Mwingereza Bernard Bosanquet. Mwishoni mwa karne ya 19 alicheza mchezo wa mezani wa kudundisha mpira wa tenisi ili mwenzake aliyekaa upande wa pili asiudake. Kutokana na mchezo huo alibuni gugli, na mwaka 1900 aliitumia katika mechi rasmi. Mbinu hiyo ilisambaa hadi Afrika Kusini, ambako kundi la warushaji wa gugli liliisaidia timu ya nchi hiyo kuishinda Uingereza katika mfululizo wa mwaka 1905 na 1906.

Mwaka 1956 mjini Manchester, mrushaji wa ofu-spini Jim Laker wa Uingereza aliwatoa wapigaji 19 kati ya 20 wa Australia katika mechi moja ya testi. Rekodi hiyo haijavunjwa. Katika historia ya testi za wanaume ni watu watatu tu waliopata wiketi zote 10 za zamu moja: Laker mwaka 1956, Anil Kumble wa India dhidi ya Pakistan mjini Delhi mwaka 1999, na Ajaz Patel wa New Zealand mwaka 2021 mjini Mumbai, mji aliozaliwa. Wote watatu ni warushaji wa spini.

Katika miaka ya 1960 na 1970 India ilitegemea spina wanne: Bishan Singh Bedi, Erapalli Prasanna, Bhagwat Chandrasekhar na Srinivas Venkataraghavan. Nje ya India kipindi kilichofuata kilitawaliwa na warushaji wa mbio, hasa wa West Indies, na wengi walidhani legi-spini inakufa. Abdul Qadir wa Pakistan aliiendeleza katika miaka ya 1980.

Kisha alikuja Shane Warne wa Australia. Tarehe 4 Juni 1993 mjini Manchester, mpira wake wa kwanza dhidi ya Uingereza uliyumba hadi nje ya kijiti cha legi, ukadunda, ukapinda mbele ya gongo la Mike Gatting na kugonga kijiti cha ofu. Mpira huo hujulikana kama "mpira wa karne". Warne alistaafu testi akiwa na wiketi 708. Muralitharan alimpita, na mwaka 2010 mjini Galle alimaliza testi yake ya mwisho akiwa amefikisha wiketi 800, idadi ambayo hajafikia mwingine yeyote.

Ujio wa mechi fupi za T20, zenye ova 20 kwa kila timu, ulifanya wengi waamini spina watapigwa hadi waachwe. Kilichotokea ni kinyume. Mpigaji anayelazimika kupiga kila mpira kwa nguvu ndiye anayedanganywa kwa urahisi, na mpira wa polepole humlazimisha atoe nguvu yote mwenyewe. Rashid Khan wa Afghanistan, mrushaji wa legi-spini, amekuwa mmoja wa wachezaji wanaotafutwa zaidi na ligi za T20 duniani.

## Afrika Mashariki

Spini imechangia baadhi ya matokeo makubwa ya kriketi ya Afrika Mashariki. Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika uwanja wa Gymkhana mjini Nairobi. Collins Obuya, mrushaji wa legi-spini, alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya wapigaji waliozoea spini tangu utotoni. Ushindi huo uliisaidia Kenya kufika nusu fainali.

Tarehe 15 Machi mwaka huohuo mjini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa na spina wa vidole wa mkono wa kushoto, alirusha ova 8 na mipira 2 dhidi ya Australia, waliokuwa mabingwa wa dunia. Alitoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, ikiwemo ya nahodha Ricky Ponting. Karim alikuwa na umri wa miaka 39 na alikuwa amerudi kutoka kustaafu. Australia ilishinda, lakini yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza. Katika ushindi wake dhidi ya Papua New Guinea nchini Guyana, Frank Nsubuga, mrushaji wa ofu-spini mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake 4 kwa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2.

Mifano ya Karim na Nsubuga inaonyesha sifa nyingine ya mbinu hii. Mrushaji wa mbio hupoteza kasi mwili unapochoka, na wengi hustaafu katikati ya miaka ya thelathini. Spina hutegemea zaidi shabaha, vidole na uzoefu wa kumsoma mpigaji, na kwa hiyo anaweza kuendelea kuwa na manufaa kwa timu yake kwa miaka mingi zaidi.

## Tazama pia

* Kriketi
* Kombe la Dunia la Kriketi
* Athari ya Magnus
* Msuguano